Mzigo wa huzuni haubebwi na mtu mmoja

ASUBUHI ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wakati maduka yakifunguliwa na wateja wakianza kumiminika. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na zaidi ya 80 wakaokolewa. Watu wa kawaida waliokuwa jirani waliingia kwenye vifusi kuwasaidia wenzao, na sauti za walionaswa chini zilisikika zikiomba msaada. Baadaye marehemu walizikwa, majeruhi wakatibiwa, na biashara za jirani zikarejea.

Lakini, ndugu msomaji, yapo majeraha yasiyofungwa bendeji. Mtu aliyenusurika katika msiba wa namna hiyo huweza kushtuka mlango ukijibamiza, kukatikiwa na usingizi kila usiku, au kuzunguka mbali ili asipite mtaa ule. Wataalamu wa afya ya akili hueleza kwamba hali hiyo ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, ni maradhi yanayohitaji tiba kama yalivyo maradhi mengine.

Majumbani mwetu, aghalabu mtu huyo huambiwa neno moja tu: subiri. Akilia, huonekana kuwa imani yake imepungua. Neno subira ni tukufu, ila likisemwa kwa pupa huwa kufuli la kumfunga mdomo mwenye maumivu. Tukumbuke kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya mwanawe Yusuf hata macho yake yakapoteza nuru, na huzuni hiyo haikumtoa katika cheo cha wenye subira.

Aliyepoteza macho Nairobi

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa siku ya Ijumaa. Kabla ya adhuhuri, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Hapa kwetu walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200 na maelfu wakajeruhiwa. Waliokufa, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wengi wao walikuwa wametoka majumbani kutafuta riziki, na waliofanya unyama huo walijinasibisha na dini yetu.

Miongoni mwa waliojeruhiwa Nairobi alikuwamo kijana Mkenya, Douglas Sidialo. Mlipuko ule ulimpofusha macho yote mawili. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni moyo wake ulijaa hasira na kiu ya kisasi. Mtu aliyeamka asubuhi akiona, akalala usiku akiwa kipofu kwa kosa asilolijua, ni nani angemlaumu?

Mwaka 2005 Sidialo alikuja Tanzania, akapanda Mlima Kilimanjaro mpaka kileleni, katika msafara uliokuwa na wapandaji wengine wasioona. Alikuwamo Erik Weihenmayer, Mmarekani kipofu ambaye mwaka 2001 alifika kilele cha Everest. Sidialo hakurudishiwa macho na mlima. Hata hivyo, yeye aliyeweza kubaki chumbani akihesabu alichopoteza, aliendelea kusimama mbele za watu akizungumzia msamaha na amani.

Mlima unafundisha nini?

Anayepita njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, kisha Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,720. Safari ya kwenda na kurudi huchukua siku tano au sita. Haiwezekani kuharakisha, kwa sababu hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na mwenye pupa hupatwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, hata kifo. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kurudia neno lao: polepole. Na mwenye huzuni naye haharakishwi. Anayemwambia aliyefiwa mwezi uliopita kuwa sasa basi, inatosha, anafanana na anayemkimbiza mgeni mlimani.

Usiku wa mwisho, wapandaji huondoka Kibo karibu na saa sita ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au asubuhi. Gizani hakuna anayekiona kilele. Kila mmoja huangalia unyayo wa aliye mbele yake, na asiyeona hufuata sauti ya mwenzake na fimbo zilizo mikononi. Usiku ule, mwenye macho na kipofu hupishana kidogo sana.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Hakuna mgeni anayepanda mlima ule peke yake. Wapo waongozaji, wapishi, na wapagazi wanaobeba mahema, maji na chakula. Hapa ndipo Kariakoo inapokutana na Kilimanjaro. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambacho kambi yake ilikuwa katika eneo hilo. Mtaa wetu umebeba jina la wabeba mizigo! Mpaka leo, kuli wa Kariakoo akielemewa na gunia hulishusha, au humwita mwenzake amsaidie. Kwa nini basi mzigo wa moyo tumtake mtu aubebe peke yake, tena kimyakimya?

Nini kifanyike

Si kila mtu anaweza kupanda Kilimanjaro. Gharama yake ni kubwa, na wenye maradhi ya moyo au ya kifua hawana budi kupata ushauri wa daktari kwanza. Lakini milima haikosekani. Milima ya Pugu iko pembezoni mwa jiji. Uluguru iko Morogoro, ambako treni ya umeme imekuwa ikifika kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Mazoezi ya mwili husaidia usingizi na hupunguza wasiwasi, na wawili wanaotembea bega kwa bega huweza kuyasema yale ambayo hawangeyasema wakitazamana sebuleni. Matembezi hayo hayachukui nafasi ya tiba. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma ya magonjwa ya akili, na kwenda huko si aibu wala si upungufu wa imani.

Tumalizie kwa mfano wa nyumba bora. Mtume wetu (S.A.W.) aliposhuka kutoka pango la Hira, mlimani, alirudi nyumbani akitetemeka na kuomba afunikwe. Bi Khadija (R.A.) hakumkemea kwa kuogopa. Alimfunika, akamsikiliza, akamtaja kwa mema yake, kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal, mtu mwenye elimu. Kumsitiri, kumsikiliza, kumpa moyo na kumfikisha kwa mwenye ujuzi: mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wa kila familia.

Basi leo tukitoka msikitini, kila mmoja wetu amtafute yule jamaa ambaye tangu msiba wake amekuwa mkimya. Asianze kwa kumpa mawaidha. Amwambie tu: twende tukatembee. Wallahu a'lam.