Waliosimama Sokoni: Kutafuta Kazi Wakati Uchumi Unapoyumba

Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, unaosimuliwa na Mwinjili Mathayo katika sura ya 20, mwenye shamba anatoka mara tano kutafuta watu wa kazi: alfajiri, saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja jioni. Wale aliowakuta jioni hawakuwa wamelala nyumbani siku hiyo. Walipoulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, walieleza kwa unyofu kwamba hapakuwa na mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwakemea kwa uvivu. Aliwapeleka kazini.

Familia nyingi za waamini zinaufahamu msimamo huo wa sokoni. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 liliposimamisha safari za kimataifa, idadi ya watalii walioingia Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi laki sita na ushee. Waongoza watalii, wapishi, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro na wahudumu wa hoteli wa Arusha, Moshi na Zanzibar walijikuta hawana kipato. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa mataifa mengine, wahudumu wa afya na watumishi wa miradi katika nchi zetu za Afrika Mashariki walipokea barua za kusitishiwa mikataba. Hawakuwa wazembe wala wasio na elimu. Shamba lilifungwa wakiwa bado na majembe mikononi.

Pamoja na upungufu wa fedha huja aibu. Mwamini aliyezoea kulipa zaka kwa wakati na kuchangia harusi na misiba huanza kukwepa Jumuiya Ndogo Ndogo kwa sababu hana cha kutoa. Mwingine huondoka nyumbani kila asubuhi amevaa nguo za kazini ili watoto wasijue. Hivyo anajiondoa mahali pale ambapo angeonekana na kuitwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anayetafuta kazi sharti aonekane akiitafuta, na jumuiya yake sharti iwe soko ambamo anaweza kusimama bila kudharauliwa.

Mafundisho ya Kanisa

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea ujira wa haki unaomwezesha mfanyakazi kuishi. Miaka 90 baadaye Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika waraka Laborem Exercens, akafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Katika waraka huo ukosefu wa ajira unaitwa uovu, na unapozidi kiwango huwa janga la jamii nzima.

Kwa mafundisho haya, barua ya kuachishwa kazi haimwondolei mtu utu alioumbiwa na Mungu. Tena, kumsaidia asiye na kazi ni wajibu wa haki, wala si hisani ya hiari tu.

Siku za kwanza

Aliyepoteza ajira aanze kwa kumweleza mwenzi wake wa ndoa ukweli wote, kisha wakae pamoja kupanga upya matumizi: chakula, kodi, ada na dawa kwanza, mengine baadaye. Mkopo wa haraka unaochukuliwa kwa siri ili kulinda sura mbele ya watu umezivunja nyumba nyingi kuliko ukosefu wa kazi wenyewe.

Pili, adai haki zake kwa utulivu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana nao. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyetumikia walau mwaka mmoja mfululizo anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, isipokuwa ameachishwa kwa utovu wa nidhamu au amekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi. Anastahili pia cheti cha utumishi, karatasi ambayo wengi huisahau na kuihitaji baadaye. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aidha, mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira kwa wachangiaji wanaotimiza masharti. Inafaa kuuliza mapema katika ofisi ya mfuko husika.

Kutafuta ni kazi

Kutafuta ajira kunahitaji ratiba kama kazi nyingine. Tenga saa za asubuhi kwa kusoma matangazo, kuandika maombi na kuwatembelea watu. Wasifu wako uwe mfupi na wa kweli, na urekebishwe kulingana na kila nafasi. Usiandike tu kwamba ulikuwa mtunza stoo. Eleza ulitunza bidhaa gani, kwa mfumo gani, na upotevu ulipungua vipi. Waombe wadhamini ruhusa kabla ya kuandika majina yao, ili simu ikipigwa wasishangae.

Jiandikishe katika huduma za ajira za Serikali (TaESA), na ufuatilie nafasi za utumishi wa umma kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Maombi hayo hayalipiwi. Fundi aliyejifunza mtaani anaweza kupimwa na VETA na kupata cheti cha kutambua ujuzi wake. Wala usione haya kupokea kazi iliyo chini ya ile uliyokuwa nayo. Mpishi wa hoteli aliyeanza kupika kwa ajili ya shughuli za mtaani wakati wa UVIKO-19 aliendelea kuwa mpishi, na mkono wake haukusahau kazi watalii waliporejea.

Shida huwavuta pia walaghai. Anayekutaka utume fedha ya fomu, ya vipimo au ya sare kabla ya usaili anatafuta fedha yako, si kazi yako. Anayedai rushwa, au kutaka mwili wa mwombaji kwa malipo ya nafasi, anatenda dhambi nzito na kosa la jinai, na anapaswa kuripotiwa TAKUKURU. Vyeti vya kughushi navyo ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Walio kazini

Uchumi unapobana, hata aliye na ajira huhofia. Njia ya kupanda cheo isiwe kumchongea mwenzako. Jifunze kazi ya pili ndani ya ofisi yako, uandike mambo uliyoyakamilisha, na umwombe msimamizi akueleze wazi unapopungukiwa. Waajiri Wakatoliki, zikiwamo taasisi za Kanisa zenyewe, wajiulize kabla ya kupunguza watu kama wamekwisha kupunguza safari, vikao na marupurupu ya wakubwa.

Jumuiya kama soko

Katika sala ya jumuiya ya juma hili, baada ya maombi, mwenyekiti anaweza kuuliza maswali mawili: Nani kati yetu anatafuta kazi, na anajua kufanya nini? Nani amesikia nafasi mahali fulani? Katibu aandike majibu, na parokia ikusanye orodha hizo. Kwa walioona haya kusema mbele ya watu, viongozi waende nyumbani kwao, kama mwenye shamba alivyotoka tena na tena. Michango nayo ipangwe kwa namna isiyomfukuza asiye nacho.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu huyo alilazimika kukimbilia Misri pamoja na Mariamu na Mtoto Yesu, mbali na jamaa na mazingira aliyoyazoea, na kule familia yake ilihitaji kula. Tumwombe awaombee wote waliosimama sokoni jioni hii. Nasi tutoke tukawatafute kabla jua halijazama.