Mbwa wa Mgeni na Usingizi wa Jirani

Katika miji ya Ulaya na Marekani watu wasafirio huacha mbwa wao katika nyumba ya kuwatunza, wakalipa kwa kila siku. Je, kazi hiyo yafaa Bukavu? Twaona ni kazi halali, nayo yaweza kulisha jamaa. Lakini kuwa na kiwanja si kuwa na ruhusa ya kutenda lolote humo.

Tutazame milima yetu. Huko Kadutu nyumba zimepandana kama ngazi. Maji machafu ya aliye juu humshukia aliye chini. Mbwa kumi wakibweka usiku, mwanafunzi halali, wala mgonjwa hapumziki. Tena kiko kichaa cha mbwa: dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa hiyo iko sheria. Dekreti ya 20 Juni 1957 iliweka taratibu za kupanga miji. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 yaagiza kwamba kazi iwezayo kugusa mazingira itanguliwe na uchunguzi wa hadhara, ili wakaaji wasikilizwe.

Basi mwenye kuitaka kazi hii apige hodi kwa majirani kabla ya kununua mabati. Awaonyeshe mahali pa ukuta, shimo la uchafu, na namna atakavyodai chanjo kwa kila mbwa. Majirani nao wasikatae kwa wivu, bali wataje madhara ya kweli. Muhuri wa ofisi hukauka upesi. Ugomvi wa jirani hurithiwa na watoto.