Tone la Damu Kutoka Korogwe

Mama msomaji, hebu tuukumbuke usiku ule ambao mtoto amewaka moto na hospitali iko mbali. Kule Mashewa, wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, usiku wa namna hiyo akina mama wanaufahamu. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, na bibi anasema ni degedege, tena asichomwe sindano maana itamwua. Nani atabishana na mkwewe saa nane za usiku?

Sisi tuliolea watoto zamani tulikuwa na jibu moja kwa kila homa: klorokwini. Ilikuwa chungu kama shubiri, na wengine ilituwasha mwili mzima. Ikafika wakati mtoto anamaliza dozi na homa inarudi. Tuliwalaumu wenye maduka. Kumbe vijidudu vilikwisha kuizoea, na hilo lilijulikana kwa sababu watafiti waliwafuata wagonjwa baada ya dozi na kuwapima damu tena. Mwaka 2001 serikali iliiacha klorokwini na kuweka SP. Nayo SP iliposhindwa, mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto.

Lakini uko utafiti unaotuuma zaidi. Ulitangazwa mwaka 2004, na ulifanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipimwa damu upya. Chini ya nusu ndio waliokuwa na vijidudu vya malaria! Na wale wasiokuwa navyo walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliokuwa navyo, kwa kuwa walikuwa na ugonjwa mwingine na si wote waliopewa dawa yake. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati akimchoma mtoto kidole, kisha akasema hana malaria, tusimgombeze wala tusikimbilie dukani. Tumwulize: basi anaumwa nini?

Hospitali ya Magunga, Korogwe, ilishiriki pia katika utafiti wa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, uliotangazwa mwaka 2010. Kati ya watoto 100 waliopewa kwinini kwa malaria kali, karibu 11 walikufa. Kwa sindano ya atesuneti walikufa 8 au 9. Tofauti hiyo yaonekana ndogo mpaka mtoto awe wako.

Tuje kwenye chanjo. Mwaka 2007 watoto wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, 894 kwa jumla, wenye umri wa miezi 5 hadi 17, waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria. Nusu walipata chanjo hiyo. Nusu nyingine walichanjwa kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu. Hapo ndipo elimu ilipohitajika. Mwenye kuchukua damu ya mtoto huku kwetu huitwa mumiani upesi. Utaratibu wa utafiti ni kwamba mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, aulize, akatae akitaka, na hata akikubali aweze kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Twaona ni vema baba naye aketi asikilize, maana mama akiamua peke yake, lawama zote humwangukia yeye.

Chanjo ilipunguza homa za malaria kwa asilimia 53 katika muda wa miezi 8 hivi. Majaribio makubwa yaliyofuata, yaliyohusisha watoto zaidi ya 15,000, yalionyesha nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo chandarua hakijapata ruhusa ya kukunjwa. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa watoto wa Afrika. Wale watoto wa Korogwe leo ni vijana wakubwa, na baadhi yao wana kinga ya mbwa tu.