Handbreki ilipomsaliti shemeji

Hebu vuta taswira hii, mpenzi msomaji. Ni Jumapili alasiri, mmewatembelea jamaa zenu kule Uthiru, chai imeandaliwa na watoto wamezagaa uani. Mara yanasikika mayowe. Unatoka mbio na kukuta gari lililoegeshwa mteremkoni likienda lenyewe polepole, dereva hayumo, na kwenye kiti cha abiria ameketi mtoto wa miaka saba akishangilia kama aliye kwenye bembea.

Hayo ndiyo yaliyotufika. Gari lenyewe ni la shemeji yangu, Datsun 240Z ya mwaka 1972, nalo liliishia kwenye ua wa kaiyaba. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Shemeji alibaki ameshika kichwa, akirudia maneno yale yale: "Lakini nilivuta handbreki! Nilivuta handbreki!"

Na kweli alikuwa ameivuta. Tuliikuta imeinuliwa hadi mwisho. Ila huko nyuma, kwenye magurudumu, hapakuwa na chochote kilichokuwa kimeshikwa.

Huenda ukajiuliza mtu mwenye mke na watoto wawili anatafuta nini kwenye gari la viti viwili. (Wakienda kanisani, nusu ya familia hupanda matatu.) Lakini waliokulia katika enzi za mbio za Safari wataelewa. Ni 240Z iliyomletea Edgar Herrmann ushindi wa Safari mwaka 1971, na mwaka 1973 marehemu Shekhar Mehta akashinda nayo baada ya kufungana na Harry Källström, aliyekuwa pia kwenye Datsun. Hadi leo magari haya huonekana kwenye mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003. Shemeji alikuwa mtoto wa shule aliposimama kando ya barabara na kufunikwa na vumbi la mashindano hayo. Vumbi hilo halijamtoka.

Basi gari likaburutwa hadi kwa fundi. Alipofungua magurudumu ya nyuma, siri yote ikawa hadharani.

Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na breki za diski mbele na za dramu nyuma. Dramu ni kama sufuria inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna breki shuu mbili zilizopinda, ambazo hutanuka na kuisugua kutoka ndani. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma shuu hizo. Ukivuta handbreki, kebo ya chuma huzivuta. Njia ni mbili, lakini shuu ni zile zile.

Upande wa kushoto silinda ndogo ya gurudumu ilikuwa imevuja, shuu zikalowa mafuta. Shuu iliyolowa mafuta haishiki, hata uvute handbreki kwa mikono miwili. Upande wa kulia kebo ilikuwa imeingia kutu na kukwama ndani ya ala yake. Juu ya hayo, shemeji alikuwa ameliacha gari bila gia. Ukiyajumlisha hayo yote, shangaa tu kwamba gari lilikaa pale muda wote tuliokuwa tukisalimiana.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Fundi alitaka kufanya ukarabati wa kawaida: silinda mpya, shuu mpya, kebo mpya, dramu zichongwe kama bado zina unene wa kutosha. Shemeji alitaka makubwa zaidi. Alitaka dramu zing'olewe na diski zifungwe nyuma kama mbele.

Ukiniuliza mimi, kwa gari la kwenda sokoni na kurudi, fundi alisema kweli. Gari linapofunga breki, uzito wake huelemea mbele, kwa hivyo magurudumu ya mbele ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Kuweka diski nyuma hakumaanishi kwamba gari litasimama kwa umbali mfupi zaidi. Na kwa kazi ya kuegesha, dramu nzuri ni vigumu kuishinda, kwa kuwa mzunguko wenyewe huivuta shuu ikazidi kubana.

Faida ya diski huonekana penye joto. Teremka barabara ya Mai Mahiu, ulipite kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, mguu ukiwa kwenye breki wakati wote, nawe utafahamu. Dramu huhifadhi joto ndani, ikapanuka na kuzikimbia shuu, na pedali ikaanza kuzama. Diski iko wazi, hewa huipooza, na maji ya mvua huirukia na kutoka. Shemeji hutamani siku moja kushindana, hivyo akashikilia uzi wake.

Njia iliyozoeleka kwa wenye 240Z ni kuazima kutoka kwa mdogo wake, Datsun 280ZX, aliyekuja na diski za nyuma kutoka kiwandani. Wengine hutumia kalipa za Nissan Maxima za miaka ya 1980. Kinachozipa kalipa hizi thamani ni kwamba handbreki imo ndani yake: mkono mdogo unapovutwa na kebo, skrubu huzunguka na kuisukuma pistoni. Ukinunua kalipa isiyo na mkono huo, umejinyima handbreki. Nimeona magari ya namna hiyo, yanapendeza sana mpaka yafike kwenye mlima.

Vipuri havikupatikana Kirinyaga Road, ikabidi viagizwe ng'ambo pamoja na vyuma vya kushikilia kalipa. Na kama utafanya kazi kama hii, jua kwamba kalipa na diski ni mwanzo tu. Kalipa humeza mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, kwa hivyo pedali huwa ndefu. Wengi huondoa masta silinda ya inchi 7/8 na kuweka ya 15/16. Pia, masta silinda nyingi za magari ya dramu huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu za nyuma. Isipoondolewa, pedi zitazidi kuisugua diski hata ukiwa umeachilia pedali.

Jambo ambalo fundi alilikazania mpaka akapandisha sauti ni mgawanyo wa nguvu. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, mkia wa gari hutaka kutangulia, nawe unajikuta ukitazama ulikotoka. Kwa hiyo akafunga vali ya kupunguza nguvu inayokwenda nyuma, kisha akalijaribu gari kwenye kiwanja kitupu, akiirekebisha kidogo kidogo mpaka ya mbele yakawa ndiyo yanayojifunga kwanza.

Alikuwa mwangalifu vilevile na vumbi la shuu kuukuu. Shuu za zamani huenda zikawa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu, naye alilowesha kwa maji na kufuta kwa kitambaa. Ukimwona fundi wako akipuliza vumbi hilo kwa hewa huku watoto wamesimama karibu, waondoe watoto.

Je, handbreki mpya ilishika? La hasha! Siku ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ile ya zamani. Fundi msaidizi alikuwa ameikaza kebo mapema mno, mikono ya kalipa ikawa hairudi mpaka mwisho, na kalipa ya namna hii isiporudi haiwezi kujirekebisha. Ikabidi kebo ilegezwe yote, pedali ikanyagwe mara nyingi hadi pedi zikaribie diski, ndipo kebo ikazwe upya. Siku nzima ikapotelea hapo, na shemeji akalipa bila kunung'unika. Nadhani alikuwa akiona lile ua la kaiyaba.

Mafuta ya breki nayo yalibadilishwa yote. Huvuta unyevu wa hewani, na yakizeeka huchemka upesi, kwa hivyo yasikae zaidi ya miaka miwili, liwe gari la mbio au la kwenda kazini.

Jumapili iliyopita tulirudi Uthiru. Shemeji aliegesha pale pale, pua ya gari ikielekea bondeni. Alivuta handbreki, mibofyo mitano tu, akatia gia ya rivasi, akaelekeza magurudumu kwenye ukingo wa njia, kisha akatoka na kulisukuma gari kwa mabega. Halikutikisika. Alikuwa bado anatutazama kwa fahari wakati dada yangu alipotoka jikoni, hasemi neno, na jiwe mkononi, akalisukumia mbele ya gurudumu na kurudi kwenye chai yake.