Upanga wa Mjapani, kigango cha Mgiriama

Iwapo wewe ni mkazi wa Jilore, baina ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, huenda hujawahi kufikiri kwamba una jambo la kuzungumza na Mjapani. Unalo. Nalo ni swali hili: vitu vya wazee vikae wapi?

Tuanze kwa mwenzetu. Jijini Tokyo, mtaa wa Ryogoku, kuna jumba la makumbusho lililotengewa kitu kimoja: upanga wa jadi wa Kijapani. Lilifunguliwa mwaka 1968 mtaa wa Yoyogi, likahamia Ryogoku mwaka 2018. Ukiingia humo utawaona wageni wakiinama mbele ya kioo, wakichutama kidogo ili mwanga uangukie makali. Wanatafuta mawimbi meupe yaliyobaki pale mhunzi alipokitosa chuma cha moto ndani ya maji. Na ili kisishike kutu, chuma hicho kwa desturi hupakwa mafuta yenye karafuu, ile ile inayonukia katika pilau yetu!

Usidhani panga hizo zilisalimika kwa bahati. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zisalimishwe. Panga nyingi ziliharibiwa, nyingine zikachukuliwa na askari. Wajuzi wa Kijapani wakawaendea wakubwa wa jeshi, wakawaeleza kuwa upanga wa kale ni sanaa na urithi. Mwaka 1948 wakaunda chama cha kuuhifadhi. Mpaka leo kila upanga wa jadi sharti uandikishwe, na mhunzi hapati leseni kabla ya kufunzwa kwa miaka mitano.

Mwaka 2020 mji wa Setouchi, ulioko katika nchi ya wahunzi wa kale wa Bizen, ulinunua upanga wa karne ya 13 uitwao Yamatorige. Bei yake ilikuwa yen milioni 500. Watu walichangishana ili urudi ulikozaliwa.

KWETU JE?

Sasa tugeuze uso. Mgiriama aliyekuwa katika chama cha Gohu akifariki, huchongewa kigango: mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili uliopambwa kwa pembetatu. Hakichongwi siku ya mazishi. Husubiriwa mpaka mzee mwenyewe aje ndotoni kukidai. Kikishasimikwa hakihamishwi, hata watu wa mudzi wakihamia kwingine.

Lakini wafanyabiashara wa ng'ambo waliviona vigango kuwa pambo la sebuleni. Vikaanza kung'olewa usiku. Mwaka 1985, Monica Udvardy, mtafiti kutoka Marekani, alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Philadelphia, Udvardy alikiona kimoja kwenye picha iliyoonyeshwa ukutani: kilikuwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kwa jamaa ya mzee mwaka 2007. Yeye alikuwa keshafariki.

Baadaye makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vigango 30, mwaka 2014. Illinois nayo ilirudisha 37 mwaka 2023. Ni habari njema, ila ina uchungu wake: vingi havijulikani vilitoka mudzi gani. Aliyeviuza hakuandika jina la mwenyewe.

Hapa ndipo upanga na kigango huachana njia. Upanga ulifanywa ubebwe na kurithishwa, kwa hiyo kabati la kioo haliudhulumu. Kigango ni mzee aliyesimama mahali pake. Kukifikisha Nairobi ni kheri kuliko kukiacha Marekani, lakini bado hakijafika nyumbani.

UFANYE NINI?

Kwanza, wapeleke watoto makumbusho ya Malindi, Gede au Fort Jesus. Mbele ya kila kitu wafundishe kuuliza: nani alikitengeneza? Kilitoka kwa nani? Je, kilitolewa kwa hiari?

Pili, kama kwenu kuna vigango, muombeni ruhusa mzee wa nyumba mvipige picha, na nyuma ya kila picha muandike jina la marehemu, mudzi na mwaka. Kumbuka kuwa picha moja tu ndiyo iliyomshinda mwizi. Nakala moja wekeni mbali na nyumbani.

Tatu, akija mtu na noti mkononi akiulizia "miti ya zamani", mpasheni habari chifu na ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 inalinda urithi wa taifa.

Wajapani waliwahi kukaribia kupoteza panga zao zote, wakasimama wakasema hapana. Sisi nasi, msomaji, tusingoje mpaka tuoneshwe babu zetu kwa tiketi. Mwacha asili ni mtumwa.