Kakao Iliyonyang'anywa Maji

Juu ya Kibo, zaidi ya mita 5,700 kutoka usawa wa bahari, barafu ya Kilimanjaro hupungua bila kutiririka. Jua linapiga, hewa ni kavu, baridi iko chini ya sifuri karibu muda wote, na kuta za barafu zinaliwa kidogo kidogo pasipo tone kuanguka. Watafiti waliosimika kituo cha hali ya hewa juu ya uwanja wa barafu wa kaskazini mwaka 2000 walibaini kwamba sehemu kubwa ya barafu inayopotea pale haipitii hatua ya maji. Inaruka moja kwa moja kuwa mvuke. Wanafizikia huiita safari hiyo usablimishaji.

Mbali na hapo, katika majiko ya jimbo la Utah nchini Marekani, safari hiyohiyo hufanyika ndani ya sanduku la chuma lenye mlango mnene na pampu inayonguruma usiku kucha. Huingizwa trei za chokoleti ya moto iliyogandishwa. Baada ya siku moja na nusu hivi hutoka vipande vya rangi ya kahawia, vyepesi kama maganda ya karanga, ambavyo vikitafunwa hulia kama biskuti kisha hutoweka juu ya ulimi. Vikitiwa maji ya moto, hurudi kuwa kinywaji.

Si bahati nasibu kwamba haya hufanyika Utah. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao ni wengi jimboni humo, wana desturi ya miaka mingi ya kuweka akiba ya chakula nyumbani, na kampuni ya Harvest Right, iliyoko hukohuko, ndiyo iliyoishusha mashine ya kukausha kwa kugandisha kutoka viwandani hadi majumbani. Bei yake ni kubwa: mashine ndogo huanzia karibu dola 2,000. Walioinunua kwa ajili ya mboga na nyama za akiba hawakukawia kuijaribu kwa peremende, aiskrimu, na hatimaye chokoleti ya moto.

Na hapo ndipo wengi walipokwama.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuanza na hewa. Ufukweni, hewa hulemea maji kwa mgandamizo wa takribani milibari 1,013. Kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mgandamizo huo umepungua karibu nusu, ndiyo maana chai ya wapagazi huchemka kule kwenye nyuzi 80 hivi badala ya 100. Ukiendelea kuupunguza hadi chini ya milibari 6.1, jambo la ajabu hutokea: maji ya kimiminika hayana tena nafasi ya kuwapo. Kuna barafu, kuna mvuke, katikati hakuna kitu. Mashine ya jikoni hushusha mgandamizo hadi chini ya milibari moja, kwa hiyo barafu iliyomo ndani ya chokoleti ikipata joto, haina njia nyingine ila kuruka.

Joto lenyewe lazima liwepo, ingawa jambo hili huwashangaza wanaoiona mashine kwa mara ya kwanza. Kilo moja ya barafu huhitaji takribani megajuli 2.8 ili iwe mvuke. Kinywaji cha kakao kilichopikwa kwa lita moja ya maziwa kina karibu gramu 940 za maji, na kuyarusha yote kunahitaji nishati inayotosha kuchemsha lita nane za maji ya bomba. Rafu za mashine zina hita zinazotoa joto hilo polepole. Anayelipa bili ya umeme hulipa zaidi ya hapo, maana pampu na kompresa nazo hazipumziki kwa saa zote hizo.

Kisha kuna tatizo la nafasi. Gramu moja tu ya barafu, ikigeuka mvuke kwenye mgandamizo wa nusu milibari, hutanuka ikajaza zaidi ya mita mbili za ujazo, sawa na makabati mawili makubwa ya nguo. Hakuna pampu ya jikoni inayoweza kuvuta mvuke wa gramu 940. Kwa hiyo wahandisi huweka mtego: kuta za chumba cha mashine hupozwa sana, na mvuke ukizigusa huganda tena hapohapo. Pampu huondoa hewa, baridi hukamata maji.

Kinachobaki kwenye trei ni umbo la chokoleti lenye mashimo pale palipokuwa na barafu. Embe lililoanikwa juani hunywea kwa sababu maji yakitoka huacha kuta laini zijiporomokee. Hapa kila kitu kilikuwa kimeganda wima kabla maji hayajaondoka, hivyo vijia vya vipande vya barafu hubaki wazi kama vyumba vya mchwa. Kugandisha polepole hukuza chembe kubwa za barafu na kuacha vijia vipana, ambamo mvuke hutoka upesi na baadaye maji ya moto huingia upesi. Kugandisha kwa haraka huacha vijia vyembamba na kipande chenye rangi iliyofifia.

Yote haya huenda vizuri kwa stroberi au mahindi mabichi. Chokoleti ni mgomvi, na ugomvi wake unatoka katika vitu viwili vinavyoipendeza: mafuta na sukari.

Mbegu ya kakao ikishatolewa ganda, nusu yake au zaidi ni mafuta. Mkulima wa Kyela, Tanzania, anayevundika mbegu hizo kwa siku kadhaa kisha kuzianika hadi zibaki na unyevu wa asilimia 7 hivi, anaondoa maji tu. Mafuta hayaondoki kwa jua, na hayaondoki kwa ombwe la pampu pia. Kipande cha chokoleti ya kawaida hakina maji ya kutosha kukaushwa. Ukikiweka kwenye mashine, rafu zikipata joto linalozidi nyuzi 34 hivi, siagi ya kakao huyeyuka na kutapakaa kwenye trei. Kinywaji kilichopikwa kwa chokoleti hiyo pamoja na malai nacho huwa na shida: mafuta hufunika vijia, mvuke unakwama, na kipande kinatoka na kiini kilicholowa. Hata kikikauka, mafuta yaliyotandazwa kwenye mashimo maelfu hukutana na oksijeni kila upande, na baada ya miezi michache hunuka kama karanga za mwaka jana.

Suluhisho la mafuta lilipatikana Amsterdam mwaka 1828, pale familia ya Van Houten ilipopata hataza ya shinikizo la kukamua siagi kutoka kwenye kakao na kuacha keki kavu iliyoweza kusagwa. Unga wa kakao wa leo huuzwa ukiwa na mafuta ya asilimia 10 hadi 12, au ule mzito wa asilimia 20 na ushee. Kwa mashine ya kukaushia, ule wa kwanza ndio unaofaa, pamoja na maziwa yaliyoenguliwa malai.

Sukari ni mjanja zaidi. Kinywaji kikiganda, maji safi hujitenga kuwa barafu na kuiacha sukari katika sharubati inayozidi kuwa nzito. Sharubati ya sukari ya mezani haigeuki kuwa ngumu kama kioo mpaka baridi ifike karibu nyuzi 32 chini ya sifuri. Ile ya sukari ya matunda, iliyojaa kwenye asali, hungoja hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani huishia nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo kipande kinachoonekana kigumu kama jiwe kinaweza kuwa na sharubati laini ndani yake, na ombwe likiingia, sharubati hiyo huvimba mapovu, hupasuka, kisha hulala chini ikiwa gundi ya kahawia. Waliotia asali kwenye kakao yao wakidhani wanaiboresha hukwangua trei kwa kisu.

Lakini uvimbe huohuo huwa baraka kwa mashimelo, zile peremende laini za sukari na jelatini zinazoelea juu ya kikombe cha chokoleti katika nchi za baridi. Mashimelo imejaa viputo vya hewa. Mgandamizo wa nje ukishuka, viputo hutanuka, peremende inafura, na unyevu wake mdogo ukitoka, jelatini inakakamaa ikiwa imefura. Inatoka ikiwa kubwa kuliko ilivyoingia, na inavunjika mdomoni kama kaukau.

Wazo la kukausha kwa baridi halikuzaliwa na peremende. Katika nyanda za juu za Andes, huko Peru na Bolivia, wakulima walianza kutengeneza chuño karne nyingi kabla ya umeme: viazi huachwa vigande usiku, hukanyagwa kwa miguu asubuhi ili maji yatoke, kisha hukauka katika jua na upepo mkavu. Mwaka 1906, jijini Paris, Jacques-Arsène d'Arsonval na Frédéric Bordas walieleza namna ya kukausha vitu vya kibiolojia vikiwa vimeganda ndani ya ombwe. Katika Vita Kuu ya Pili njia hiyo ilipelekwa viwandani ili utegili wa damu ufike kwa majeruhi ukiwa unga. Kahawa ya papo hapo iliyokaushwa hivyo ilifika madukani katika miaka ya 1960.

Mpishi mmoja wa Pembe ya Afrika alihusika na historia hii kwa namna ambayo hakuitaka. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, alipata ndui Oktoba 1977, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Chanjo iliyoufukuza ndui katika nchi za joto ilikaushwa kwa kugandishwa kwa mbinu iliyoboreshwa na Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, London, na iliweza kukaa mwezi mzima kwenye joto la nyuzi 37 bila kupoteza nguvu. Hata leo muuguzi anayechanganya unga wa chanjo ya surua na maji yake maalumu kabla ya kumchoma mtoto anafanya kile anachofanya mtu wa Utah na kikombe chake: kuyarudisha maji mahali yalipotolewa.

Mapishi yanayofanikiwa, basi, ni ya kiasi. Lita moja ya maziwa yasiyo na malai, gramu 40 za unga wa kakao wenye mafuta kidogo, gramu 60 za sukari na chembe ya chumvi. Kakao na sukari hukorogwa kwanza na maziwa kidogo hadi ziwe uji mzito usio na madonge, ndipo maziwa mengine yaongezwe na vyote vichemke. Kuchemsha si kwa ajili ya ladha peke yake. Ombwe na baridi haviui vijidudu. Maabara huhifadhi bakteria wao kwa njia hiihii, na maziwa yaliyoingia na vimelea hutoka navyo.

Kinywaji kikipoa humiminwa kwenye kalibu za silikoni kwa kina cha sentimita moja hivi. Barafu huruka kuanzia juu kwenda ndani, na mvuke wa chini lazima upenye tabaka lililokwisha kukauka. Unene ukiwa maradufu, muda huongezeka zaidi ya maradufu. Baada ya kuganda kwenye friza, kalibu huhamishiwa kwenye mashine, ambayo huzidisha baridi kabla pampu haijawashwa. Anayetaka utamu zaidi huongeza sukari mwishoni, wakati wa kusaga vipande kuwa unga, maana sukari kavu haina ugomvi na ombwe.

Kipimo cha kukauka ni mizani. Trei hupimwa, hurudishwa kwa saa mbili, hupimwa tena. Uzito usipopungua, kazi imekwisha. Kipande kinene kikivunjwa kikawa na ubaridi katikati, bado kuna barafu. Lita ile ya kwanza huacha kama gramu 190, na gramu 35 zake katika maji ya moto hujaza kikombe. Kwa kuwa malai yalienguliwa, kinywaji huwa chepesi kidogo mdomoni, na wengi hukimalizia kwa kijiko cha malai mabichi juu.

Kufungasha hakusubiri. Vijia vilivyotoa mvuke huunyonya tena kutoka hewani, na kwenye unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam kipande kilichoachwa wazi hunata vidole kabla ya chakula cha mchana. Huhitaji chupa yenye kifuniko kinachobana, au mfuko wa karatasi ya alumini uliotiwa kipakiti cha kufyonza oksijeni, na kabati lenye giza.

Mashine yenyewe bado ina kazi moja. Kuta zake zimevaa barafu nyeupe, nene kama ya friza kuukuu, nayo hupewa joto ili iyeyuke. Bomba dogo la chini hutiririsha karibu lita nzima ndani ya ndoo: maji yaliyokuwa kwenye chokoleti jana, sasa hayana rangi wala sukari.