Chujio la Tangi la Samaki

Maji ya tangi la samaki huchafuliwa na kinyesi, mabaki ya chakula na ute. Ziwa Victoria huzitawanya taka hizo, lakini katika tangi lililo uani mwa nyumba ya Kiseke, Ilemela, hazina pa kwenda.

Hatua ya kwanza ni kuyapunguza maji mwendo katika pipa la kutuamisha, taka nzito zizame. Kisha maji hupita kwenye changarawe, halafu sponji, kutoka matundu makubwa hadi madogo. Mpangilio ukigeuzwa, chujio huziba upesi. Mashamba makubwa hutumia ngoma ya wavu inayozunguka na kujiosha, yenye matundu ya mikroni 60 hivi.

Wafugaji wengi husahau jambo moja zito: taka iliyonaswa bado imo majini. Huendelea kuoza, ikila oksijeni na kutoa amonia, sumu ambayo chujio la aina hii haliwezi kuizuia kwa kuwa imeyeyuka. Kuigeuza amonia ni kazi ya bakteria wanaoishi juu ya sponji na changarawe. Kwa hiyo chujio lazima lisafishwe mara kwa mara, ila kwa uangalifu: sponji hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe hadi tope la kahawia lipungue. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huwaua bakteria hao.

Kambale huvuta pia hewa ya juu, hivyo huvumilia uzembe kwa muda. Sato hana nafasi hiyo. Oksijeni ikipungua, huonekana alfajiri akihema juu ya maji.